Sauti Iliyovuka Korongo

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi ya mwaka huu imekuja na hasira zake. Asubuhi mlima haukuonekana kabisa, na hata sasa jioni, nikiwa nimekaa kibarazani kwetu hapa Rau na kikombe cha chai ya tangawizi, wingu limeshuka mpaka juu ya miti ya msituni. Nimevaa sweta mbili.

Nina wivu.

Naliandika hivyo hivyo bila kulipamba. Nina wivu na wifi yangu Doreen, mdogo wake mume wangu, binti ninayekaa naye nyumba moja, ninayempikia, na ambaye mwanangu Glory anampenda kuliko katuni.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza, nieleze. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Njoro, na ninaimba kwaya ya usharika wetu. Kwaya inanijua kwa jambo moja, kuvunja sauti. Watu wa milima ya Ulaya wanaita yodeli. Kila mtu ana sauti mbili. Ipo ya kifuani, ile nzito. Ukiweka kiganja kifuani unasikia mfupa unatetemeka. Na ipo ya kichwani, nyembamba, ukiingia huko kifua kinanyamaza. Katikati kuna mahali ambapo sauti inakatika. Walimu wote wa kwaya niliopitia walitufundisha kupaficha hapo, tupapige pasi mpaka mshono usionekane. Yodeli inafanya kinyume. Unaruka kutoka chini kwenda juu na kurudi, haraka, na ule mkatiko ndio utamu wenyewe.

Nilijifunza peke yangu, kwa video za simu. Nilikuwa naenda nyuma ya nyumba, upande wa msitu, naanza na "o" chini, naruka kwenye "i" juu, narudi. Mwanzoni ilitoka kama jogoo mgonjwa. Jirani mmoja alimvuta mume wangu pembeni akamuuliza kama nimeanza kuugua pumu. Niliendelea tu. Mpaka Krismasi moja, watu wamerudi nyumbani kutoka Dar na Arusha, kanisa limejaa mpaka nje, nikaruka katikati ya wimbo na kanisa zima likageuza shingo kunitazama.

Nimeishi kwa zile shingo kwa miaka.

Doreen alikuja kukaa kwetu mwaka jana, baada ya kupata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja mjini. Alinisikia nikifanya mazoezi akaomba nimfundishe. Nilifurahi, sitasema uongo. Hakuna aliyewahi kuniomba. Nilimwekea mkono wangu kifuani, nikamwambia asisukume pumzi, aiachie tu sauti iruke yenyewe. Alihangaika kidogo. Halafu jioni moja, anaosha vyombo, ikatoka. Mara ya kwanza nilipiga vigelegele. Mara ya pili nilitabasamu. Mara ya tatu nikaenda chumbani nikafunga mlango.

Maana ya kwake ilikuwa safi kuliko yangu. Mimi nikiruka, mishipa ya shingo inasimama. Yeye shingo yake inabaki laini kama ya mtu anayesikiliza habari za jirani. Na tangu mwaka jana sauti yangu ya juu imeanza kuchelewa. Naiita, nasubiri kidogo, ndiyo inakuja, na ikija inakuja na upepo ndani yake. Ni kama kupapasa swichi gizani kwenye chumba unachokijua. Sijamwambia mtu. Wala mtu hajasema kitu. Ila kwenye mazoezi naona watu wakiniangalia mimi kwa heshima na kumwangalia yeye kwa hamu.

Nimefanya mambo ya ajabu. Nilimrekodi kwa simu bila yeye kujua, nikajirekodi na mimi, halafu kule kibandani nikavaa spika za masikioni na kusikiliza sauti moja baada ya nyingine huku cherehani inatembea. Nilishona mkono wa gauni la mteja ndani nje. Nilitafuta kasoro. Nilijiambia midomo yake inafunguka vibaya, anatabasamu mno, hana uzito. Nilimsikiliza mlangoni mwa bafu. Wiki mbili zilizopita Baba Glory alikuwa anapiga viatu rangi huku anapuliza mluzi, na mluzi ule ulikuwa unaruka kama Doreen anavyoruka, siyo kama mimi. Ugali wa siku ile niliusonga mgumu makusudi.

Sasa ya leo.

Mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Elibariki, ametunga wimbo mpya. Ni wa mtoto aliyepotelea mbali kwa miaka mingi, anarudi, na kabla hajashuka korongo la mwisho anasimama ng'ambo anamwita mama yake. Mama na majirani wanamjibu. Ule mwito ndio yodeli. Mwalimu hakutaka kuurekodi studio. Alitaka korongo lenyewe, kwao Machame, mwitaji ukingo huu na kwaya ukingo ule, waitane kweli.

Tatizo lilikuwa nani aite. Alhamisi tuliimba wote wawili, mimi na Doreen, na Mwalimu akawa anazungusha kalamu vidoleni, hataki kumuumiza mtu. Mwisho akasema tutajua huko huko.

Tukaondoka asubuhi na gari la usharika. Pale njia panda ya Kwa Sadala tulisimama kununua ndizi mbivu na betri za mitambo ya kurekodia, kisha tukaanza kupanda, na baridi ikaanza kuingia kwa mapengo ya dirisha. Doreen alijifunga kitenge changu shingoni. Nilimpa mwenyewe, nikamwambia atunze koo. Nilikuwa nasema huku nikijisikiliza jinsi ninavyosikika mwema.

Korongo lile ni la kina. Chini kuna mto ambao huuoni kwa miti, unausikia tu. Tulisimama kwenye kihamba, shamba la nyumbani la kaka yake Mwalimu, chini ya migomba na mibuni, na ng'ambo tuliona migomba mingine na bati moja linang'aa. Mwalimu akanivuta pembeni. Aliniambia ana mashaka kama sauti ya Doreen itavuka, kwa sababu ni nyepesi na mto una kelele. Akaniomba nivuke mimi kwanza kwa daraja la miti lililopo chini, nisimame ule ukingo, nisikilize, nimpigie simu.

"Masikio yako ndiyo ninayoyaamini," alisema. "Ikifika, aite Doreen. Isipofika, Mama Glory, utaita wewe."

Nadhani hakuelewa alichonipa. Ni mtu mwema sana yule mzee, na watu wema huwa hawafikirii mbali upande huo.

Nikashuka. Njia ilikuwa na utelezi na niliishika migomba kama nguzo za ngazi. Nikavuka, nikapanda upande wa pili, nikasimama kwenye ukingo wa kihamba cha watu, nikihema. Ng'ambo niliwaona wadogo wadogo, na kile kitenge changu cha njano shingoni mwa Doreen. Nikapiga simu. Mtandao ulikuwa mzuri. Nikasema niko tayari.

Doreen akaita.

Nataka niandike vizuri nilichosikia, maana nadhani hakuna mwingine atakayekiandika. Maneno hayakufika, mto uliyala yote. Kilichofika ni ule mruko peke yake. Kwanza sauti ya kifuani, fupi, kama mtu anayekanyaga. Kisha ikawa juu, na sikusikia ilivyofika huko. Ikakaa juu ya korongo kidogo, ikashuka, ikaruka tena. Ilinifikia nzima. Nilisikia nywele za mikono zikisimama ndani ya sweta. Yale yote niliyokuwa nayatafuta nyuma ya nyumba kwa miaka, yalikuwa yanakuja kwangu kutoka kinywani mwa mtu mwingine, na yalikuwa na mkono wangu ndani yake. Ile "o" ya kuanzia ilikuwa yangu kabisa.

Simu ikaita. Mwalimu akauliza kama imefika.

"Haijafika, Mwalimu," nikasema. "Arudie."

Sikupanga. Ilitoka tu, kwa sauti tulivu, hata na kasikitiko kadogo.

Akarudia. Ilikuwa nzuri tena, kubwa zaidi, maana sasa alikuwa anajitahidi. Nikamwambia Mwalimu nasikia mto tu. Na hapo ndipo nilipojiona, kwa sababu nilikuwa nadanganya na wakati huohuo nilikuwa namngoja aite tena, ili nisikie tena.

Nyuma yangu pakawa na mtu. Bibi mmoja alikuwa ametoka kwenye migomba na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani na panga mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisemesha Kimachame, na mimi nikamjibu kwa Kichagga cha kwetu cha Old Moshi, tukachekana kidogo kwa tofauti. Akahamia Kiswahili. Akauliza yule binti anamwita nani. Nikamwambia ni mambo ya kwaya tu, tunajaribu sauti. Akatikisa kichwa lakini hakuondoka.

Mara ya tatu Doreen aliita na nikasikia amechoka. Sauti yake ya juu ilikuwa na mchanga. Alikuwa ameanza kusukuma, jambo nililomkataza tangu siku ya kwanza, na alikuwa anasukuma kwa sababu yangu. Simu ikaita. Mwalimu alivuta pumzi.

"Basi, Mama Glory. Rudi. Utaita wewe."

Nikasema sawa, Mwalimu. Nikakata. Nilipata nilichokuwa nakitaka, ila sikuanza kushuka. Nikawa nafunga upya kiunoni kanga ambayo ilikuwa imefungwa vizuri.

Bibi akaweka mzigo wake chini. "Mwenzio anaita muda wote huu," alisema. "Mbona humjibu?"

Hakuwa ananikemea. Aliuliza kama mtu anayeuliza mbona umeacha mlango wazi na mvua inanyesha. Na kabla sijapata la kusema, akaweka viganja pembeni mwa mdomo na kujibu mwenyewe. Ilikuwa "uuuu" moja ndefu ya kizee, ya kifuani yote, nene, haina ufundi wowote. Ilivuka korongo kama jiwe lililorushwa.

Ng'ambo nikaona kitenge cha njano kinageuka.

Papo hapo simu ikaita. Mwalimu akauliza ni nani huyo anayejibu.

Ningeweza kusema ni bibi anafukuza ngedere. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na lingeaminika, kwa sababu ngedere wapo na ndizi zilikuwa zimekomaa. Bibi alikuwa amesimama pale ananitazama kwa uso mkunjufu kabisa, anafurahi kwamba amemsaidia mtu.

"Ni bibi mmoja huku," nikasema. "Anamjibu Doreen. Amemsikia."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Hata mimi nilimsikia, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu ya kwanza."

Nilisikia kuku upande wao kupitia simu. Halafu akasema nikae huko huko, anawaleta wenzangu, na Doreen apumzike anywe maji ya moto. Sauti yake haikuwa na ukali. Ningependa ingekuwa nao.

Kwaya ikavuka. Walifika wanalalamikia utelezi, na mwenzetu Mama Furaha alikuwa amekanyaga matope mpaka magotini. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mwalimu aliwaambia mto ndio uliotuchelewesha. Tukajipanga ukingoni, mimi nikaingia mstari wa alto, na yule bibi akaingia nasi, mzigo wake umebaki chini, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtoa.

Doreen akaita. Mapumziko yalikuwa yamemsaidia. Haikuwa safi kama ile ya kwanza, ambayo upande huu tuliisikia mimi na korongo tu, na ambayo haimo kwenye mtambo wowote kwa sababu mitambo ilikuwa haijawashwa. Hilo litanisumbua. Lakini ilikuwa nzuri, na kijana wa mitambo aliinua kidole gumba. Tukamjibu. Nilijibu kwa sauti yangu ya kawaida ya kifuani, sikuruka popote. Tulipomaliza wingu lilikuwa limeshashuka na ng'ambo hatukumwona mtu tena.

Kwenye gari Doreen alikuja kukaa karibu yangu. Nilijua anajua. Alikuwa amesimama bega kwa bega na Mwalimu, na Mwalimu, kwa kuwa masikio yake yamezeeka, simu huwa anaiweka spika.

Tulipita shamba la mwisho la migomba. Halafu akauliza, taratibu, ili wengine wasisikie:

"Wifi, ile ya kwanza ilikuwaje?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia ilikuwa safi kuliko zangu zote, tangu nianze.

Aliangalia mikono yake. "Siku nyingine ungeniambia hivyo ningelia kwa furaha," alisema. "Leo nimekasirika tu."

Akafungua kile kitenge shingoni, akakikunja vizuri, akaniwekea mapajani. Akahamia kiti cha mbele.

Sikumfuata. Nilikuwa na maneno mengi, kwamba ni sauti yangu inayokufa, kwamba hajui ni nini kumfundisha mtu njia halafu akakupita njiani bila hata kuhema. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililokuwa lake kubeba.

Tumefika nyumbani mchana. Amesema hana njaa. Baba Glory ameniuliza kuna nini, nikamwambia uchovu, akaniangalia kama mtu asiyeamini lakini anayeogopa kujua. Nilipika machalari ya ndizi na nyama, nikapakua sahani, nikagonga mlango wa Doreen. Alifungua nusu, akasema asante, akaichukua, akafunga. Kwa hiyo anakula. Nimesimama pale mlangoni zaidi ya ilivyohitajika.

Nilitegemea kwamba nikishasema ukweli ule wivu utatoka, kama jino. Haujatoka. Upo, umekaa palepale, na jioni hii una hata aibu pembeni ya kuusindikiza. Nikifumba macho naisikia ile ya kwanza na bado kuna kitu ndani yangu kinasema ile ilipaswa kuwa yangu. Ila leo nimeuona sura yake. Nimeuona unavyoweza kumchosha mtoto wa watu koo kwa makusudi na kusema "arudie" kwa sauti ya upole. Siutaki karibu na simu tena.

Kesho tunaimba ibada ya kwanza. Kabla hatujaingia, tukiwa tumejipanga nje kwenye baridi, nitaiambia kwaya kwamba jana aliyetuchelewesha hakuwa mto. Nitasema ni mimi, na nitasema mwito wa wimbo ule ni wa Doreen, leo na siku zijazo.

Natamani ningeandika kwamba nafanya hivyo kwa upendo. Nusu yake ni upendo. Nusu nyingine ni kwamba sitaki asimulie yeye kwanza, maana najua angelisimulia vizuri kuliko mimi.